Dola ya 1794: imelika, au iligongwa vibaya?

Mwaka jana jamaa yangu aliyeko Maskati alinitumia picha nne za reale ya Sham aliyoachiwa na bibi yake. Ni sarafu ile kubwa ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 usiobadilika hata kama imegongwa juzi. Kishikizo cha begani, ambacho kwa kawaida kina lulu tisa zinazohesabika, kwenye sarafu yake kilikuwa kimelala kama tone la nta. Akaniandikia: "Kaka, hii imelika, au ilitoka hivi hivi kiwandani?"

Swali hilo ni la zamani. Wafanyabiashara wa Habasha na Bara Arabu walikuwa wakihesabu lulu hizo kabla ya kupokea reale, na ambayo lulu zake hazikuonekana waliikataa, hata kama mizani inasema ni nzima. Hawakuwa na haja ya lenzi wala kitabu. Walijua kwamba sura ya sarafu ni ushahidi, na ushahidi usiosomeka una walakini.

Kabla sijamjibu nilimpa kisa cha sarafu ambayo yeye na mimi hatutaishika kamwe, kwa sababu hakuna sarafu inayolieleza swali lake waziwazi kuliko hiyo. Ni dola ya kwanza ya fedha ya Marekani, yenye mwaka 1794.

Zimebaki kati ya 120 na 150 hivi duniani kote. Ukiziweka picha zake pamoja utaona kitu cha ajabu. Upande wa sura yupo mwanamke anayewakilisha Uhuru, nywele zimemwagika kisogoni, neno LIBERTY juu yake, mwaka chini, na nyota 15 pembeni: 8 kushoto, 7 kulia. Nyota za kulia zimesimama. Za kushoto, hasa zile za chini karibu na mwaka, zimefifia, na kwenye sarafu nyingine ni vivuli tu. Geuza upande wa pili, penye tai ndani ya shada la majani, na utakuta tena kushoto kumefifia, herufi za UNITED na STATES zikiwa za kukisia. Sarafu moja ingekuwa hivyo ungesema ilisuguliwa na kitu. Lakini zote, na upande uleule?

Kiwanda kilichokosa mashine ya dola

Sheria ya tarehe 2 Aprili 1792 ndiyo iliyoanzisha kiwanda cha sarafu cha Marekani mjini Philadelphia. Ilitaja pia uzito wa dola: graini 416, karibu gramu 26.96, na ndani yake graini 371.25 za fedha safi. Kipimo hicho hakikubuniwa mezani. Kilitokana na dola za Kihispania ambazo Wamarekani walikuwa wakizitumia kila siku, ndiyo ileile sarafu iliyofika Unguja ikaitwa reale ya mzinga, kwa kuwa nguzo mbili zilizochorwa juu yake zilionekana kama mizinga miwili iliyosimamishwa. Kwa hiyo dola ya Philadelphia na reale iliyokuwa ikihesabiwa forodhani Zanzibar ni watoto wa mama mmoja, na mtu wa pwani hana sababu ya kuiona hadithi hii ngeni.

Sheria ilikuwapo, lakini dola hazikutoka. Mwaka 1793 kiwanda kiligonga senti na nusu senti za shaba tu. Kikwazo kilikuwa dhamana: mgongaji mkuu na mpimaji wa madini walitakiwa kila mmoja aweke dhamana ya dola 10,000 kabla ya kugusa dhahabu au fedha. Hawa walikuwa mafundi, si matajiri. Henry Voigt alikuwa mtengeneza saa kabla ya kuwa mgongaji mkuu, na Albion Cox, mpimaji, hakuwa na mali ya kiasi hicho. Machi 1794 bunge likashusha dhamana hadi dola 5,000 kwa Voigt na 1,000 kwa Cox. Hapo ndipo mlango wa fedha ulipofunguliwa.

Mkurugenzi wa kiwanda, David Rittenhouse, alikuwa mwanafalaki maarufu. Mwishoni mwa Agosti 1794 alileta fedha yake mwenyewe igeuzwe sarafu. Siku hizo kiwanda hakikununua madini. Mwenye fedha aliileta, ikafanyiwa kazi, akarudishiwa sarafu. Cox alikuwa amemshawishi Rittenhouse kwamba mchanganyiko uliotajwa na sheria, sehemu 0.8924 za fedha, ungefanya sarafu ziwe nyeusi zikishikwashikwa, na akapendekeza 0.900. Fanya hesabu: graini 416 mara 0.900 ni graini 374.4 za fedha safi, yaani graini tatu na kidogo zaidi ya sheria katika kila dola. Aliyezipoteza ni mwenye madini. Kwenye shehena hii ya kwanza mwenye madini alikuwa Rittenhouse mwenyewe, lakini waliofuata hawakuchukulia jambo hilo kimzaha, na mmoja wao, John Vaughan, alilidai bunge fidia.

Tarehe 15 Oktoba 1794 Voigt alikabidhi dola 1,758. Hizo ndizo zote za mwaka ule. Watafiti wanakadiria kwamba ziligongwa kama 2,000, na zilizobaki zikatupwa pembeni kwa sababu pigo lake lilikuwa baya mno hata kwa macho ya watu waliokuwa na haraka. Zaidi ya sarafu moja katika kila kumi! Hapo ujue hizo 1,758 tunazozisifu leo ndizo zilizopita mtihani.

Sasa mashine. Sarafu za wakati huo ziligongwa kwa mashine ya skrubu: nguzo nene yenye hesi, na juu yake mkono mrefu wa chuma ambao wanaume huuvuta kwa nguvu. Skrubu inashuka, muhuri wa juu unakibana kisahani cha fedha juu ya muhuri wa chini, na fedha inatiririka, ndiyo, inatiririka ingawa ni baridi, kuingia katika kila shimo lililochongwa kwenye mihuri. Robert Scot ndiye aliyekuwa mchongaji. Nywele, nyota, herufi, vyote ni mashimo ndani ya muhuri, na shimo lisilofikiwa na fedha halitoi kitu.

Mashine kubwa kuliko zote pale Philadelphia ilifaa nusu dola, si dola. Nusu dola ina upana wa kama milimita 32.5. Dola ina 39 hadi 40. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uhesabu eneo: uso wa dola ni karibu mara moja na nusu ya uso wa nusu dola. Nguvu ileile ikisambazwa juu ya eneo kubwa hivyo, kila sehemu hupata kidogo. Juu ya hayo, nyuso za mihuri miwili hazikuwa sambamba kabisa. Ilikuwa kama kufunga kitabu chenye kalamu ndani upande mmoja: upande wa kulia ulibanwa kwanza na kubanwa sana, wa kushoto ukaachwa na pengo la unywele. Pengo hilo ndilo kisa chote.

Hata watu wa wakati ule waliliona. Desemba 1794 gazeti moja la New Hampshire lilieleza dola hizo mpya zilipofika mjini: zinapendeza kwa mwenye jicho la sanaa, likasema, lakini uchongaji ni mwepesi mno na hakuna ule ukali unaohitajika ili sarafu idumu mikononi. Sijui mwandishi alikuwa na dola ngapi mbele yake. Nadhani moja ilitosha.

Kuusoma upande wa kushoto

Sasa tuchukue dola moja ya 1794 ya kawaida, iliyotembea miaka michache, ambayo kushoto kwake hakuonekani vizuri. Muuzaji anasema, "Hapo ni pigo hafifu, si kulika. Bei ni ileile." Mnunuzi anasema, "Hapo pamelika, punguza." Nani mkweli? Maneno hayamalizi ubishi huu, sarafu yenyewe ndiyo humaliza.

Jambo la kwanza ninalotazama ni mgongo wa doa. Sarafu hizi zilipangwa kinyume: uishike wima, uigeuze kutoka juu kwenda chini, ndipo tai atasimama wima. Ukigeuza namna hiyo, ukingo wa kushoto unabaki kushoto. Maana yake ni kwamba nyota za kushoto chini upande wa sura zimepakana mgongo kwa mgongo na herufi za kushoto juu upande wa tai. Fedha ilipokosa kubanwa mahali pamoja, ilikosa kwa pande zote mbili, kwa kuwa kisahani ni kimoja. Pigo hafifu hupenya sarafu. Kulika hakupenyi. Kidole, mfuko, na sarafu nyingine ndani ya kibeti husugua kilichoinuka, popote kilipo, na havijui mgongoni kuna nini. Kwa hiyo doa linaloonekana pande zote mbili mahali pamoja linanielekeza mashineni, na doa la upande mmoja linanielekeza mikononi mwa watu.

Hapo ndipo wengi huishia. Mimi huenda kwenye alama za tupa, na huu ndio ushahidi ninaoupenda kuliko wote.

Kila kisahani cha dola kilipimwa kabla ya kugongwa, kwa kuwa sarafu ya fedha ilikuwa na thamani ya uzito wake. Kilichozidi uzito kilipigwa tupa usoni, mistari sambamba, mpaka mizani ikubali. Kisha kikapelekwa mashineni. Pigo zuri hufuta mistari hiyo: fedha inayotiririka huifunika kama maji yanavyofunika nyayo mchangani. Lakini pale ambapo pigo halikufika, mistari inabaki. Kwenye dola nyingi za 1794 utakuta mistari ya tupa imeonekana wazi katika eneo lililofifia, nayo haipo au imepauka katikati ya uso palipobanwa vizuri.

Fikiria maana yake. Mstari wa tupa ni mkwaruzo mwembamba. Kama eneo lile lingelika kiasi cha kufuta nyota nzima, mkwaruzo ungekuwa wa kwanza kutoweka. Nyota haipo na mstari wa tupa upo: basi nyota haikuwahi kuwepo. Sijapata kusikia hoja inayoweza kuishinda hii. Mtu asiyejua huona mistari hiyo akadhani ni uharibifu wa baadaye, akaishusha sarafu daraja, kumbe anashusha cheti cha kuzaliwa.

Halafu kuna mng'aro. Fedha iliyotiririka chini ya pigo huacha uso wenye mikondo myembamba isiyoonekana kwa jicho tupu, na mikondo hiyo ndiyo inayofanya mwanga uzunguke ukiinamisha sarafu chini ya taa moja. Tumia taa moja tu, si dirisha. Kwenye sarafu iliyolika, mwanga haukimbii juu ya sehemu iliyolika. Unalala, rangi ni ya kijivu, uso ni laini kama sabuni iliyotumika. Kwenye sehemu isiyogongwa vyema hali ni nyingine: hakuna ulaini. Kuna uso mbichi wa kisahani, wenye vinyweleo na mikwaruzo midogo ya kabla ya mashine. Jicho hulijua baada ya kuona sarafu ishirini hivi, na maelezo yangu hayawezi kufanya kazi ya hizo ishirini.

Mwisho natazama ukingo. Dola ya 1794 haina popote usoni pake panaposema thamani yake. Thamani imeandikwa ukingoni kwa herufi zilizozama, HUNDRED CENTS ONE DOLLAR OR UNIT, na maandishi hayo yaliwekwa kabla ya pigo kwa mashine nyingine kabisa iliyobingirisha kisahani kati ya vyuma viwili. Kwa hiyo ukingo haukutegemea ile skrubu dhaifu. Ukiona ukingo mkali na uso wa kushoto uliofifia, mashine ya kwanza ilifanya kazi yake na ya pili ilishindwa. Ukiona vyote viwili vimechoka, na shavu la mwanamke limechoka, na nywele zilizo juu ya sikio zimeungana, basi muuzaji akae kimya. Sarafu yake ina pigo hafifu na imelika pia. Mara nyingi jibu ndilo hilo.

Wanaopanga sarafu madaraja hutumia kipimo cha 1 hadi 70 kilichotungwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba. Kipimo hicho kinahukumu hasa hali ya uso na kulika, kwa hiyo dola ya 1794 inaweza kupewa daraja la sarafu isiyowahi kutumika huku nyota zake za kushoto hazitimii. Wageni hukasirika wakiliona hilo. Mimi naona ni sawa: daraja linajibu sarafu ilitunzwaje, na pigo linajibu ilizaliwaje. Anayezichanganya ama ataziuza kwa hasara ama atanunua kwa hasara.

Nidokeze kuhusu za bandia, kwa sababu dola za 1794 za bandia zimezagaa, na mtu asije akadhani ameokota bahati. Nyingi hujulikana kwa uzito usiotimia au ukingo wenye mikunjo ya kizembe. Ila kwa sarafu hii kuna kichekesho: ile yenye nyota za kushoto kali kuliko za kulia ndiyo ya kuitilia shaka kwanza. Mwigaji asiyejua hadithi ya mashine hutengeneza sarafu nzuri kuliko ya asili.

Kiraka katikati

Ndani ya kundi hili lenye kasoro ya pamoja ipo moja iliyotengwa na wenzake. Ilikuwa ya familia ya Carter wa Texas, ikauzwa mwaka 1984 kwa dola 264,000. Mwaka 2010 ilinunuliwa na taasisi ya Cardinal kwa milioni 7.85. Tarehe 24 Januari 2013, katika mnada wa Stack's Bowers mjini New York, ilifika dola 10,016,875, sarafu ya kwanza duniani kuvuka milioni kumi mnadani.

PCGS, kampuni inayopanga sarafu madaraja, imeipa daraja la 66, na badala ya kuiita sarafu ya kawaida iliyo safi imeiita sarafu ya mfano, yaani iliyogongwa kwa uangalifu maalum. Uso wake unang'aa karibu kama kioo, na pigo lake ni kali kuliko la wenzake. Kutokana na hayo likajengwa dai kubwa: hii ndiyo dola ya kwanza kabisa kugongwa Marekani, ya kwanza kati ya zile 2,000.

Hapa nalazimika kutofautiana na wenye sauti kubwa. Tusome ushahidi uleule tuliousoma juu.

Katikati ya sarafu hii kuna kiraka. Kisahani chake kilikuwa na upungufu wa uzito, kwa hiyo kilitobolewa katikati, kipande kidogo cha fedha kikachomekwa kwenye tundu, na pigo la mashine likakibapa kikaungana na uso. Wakati huohuo upande wa sura una alama za tupa. Yaani kilipungua, kikatiwa kiraka, kikazidi, kikapigwa tupa. Anayetaka iwe ya kwanza anasema: ona jinsi walivyohangaika na kisahani kimoja, hakika walikuwa wanaandaa sarafu ya heshima. Ni hoja ya kuvutia. Lakini mtu anayeandaa sarafu ya heshima, akiwa na rundo la visahani mbele yake, angechagua kisahani chenye upungufu? Mama akialika wageni hachagui sahani iliyopasuka ili aonyeshe alivyo hodari wa kuiunga. Kiraka kinanionyesha mafundi wasiotaka kupoteza fedha ya bosi wao. Hakinionyeshi sherehe.

Kuna jibu, na nisilifiche. Uso wa kioo hautoki kwenye kisahani kibovu wala kwenye mihuri iliyochoka. Mihuri ilisuguliwa upya ikiwa mipya, na pigo la nguvu likafuata. Hilo linaonyesha kwamba sarafu ilitoka mapema, mihuri ikiwa bado na ng'aro. Nakubali. Ila mapema si ya kwanza. Kati ya dola 2,000, hamsini za mwanzo zote ni za mapema. Pigo kali linaweza kutueleza jinsi mihuri ilivyokuwa, jinsi skrubu ilivyokazwa, na pengine kwamba wale wanaume kwenye mkono wa mashine walikuwa bado hawajachoka. Namba ya foleni haimo ndani ya fedha. Na hakuna karatasi ya kiwandani inayoitaja sarafu hii peke yake, wala inayoonyesha kwamba ilipita mikononi mwa Rittenhouse.

Nikilazimishwa kusema, nasema hivi: ni dola ya 1794 iliyogongwa vizuri kuliko zote zinazojulikana, na hilo lilitosha. Neno "ya kwanza" liliongezwa na soko, na soko lina uhuru wa kulilipia.

Soko lenyewe halikuwa na msimamo. Mwaka 2015 dola nyingine ya 1794, ya mkusanyo wa D. Brent Pogue, yenye daraja 66 na alama ya ziada lakini ikihesabiwa kama sarafu ya kawaida, iliuzwa dola 4,993,750. Nusu ya bei! Watu walikuwa wanalipa milioni tano za ziada kwa tofauti ya pigo, uso, na hadithi. Oktoba 2020 ile ya Cardinal ilipelekwa mnadani tena, Las Vegas, ikakosa mnunuzi wa kufikia bei iliyowekwa. Mwanzoni mwa 2022 ikauzwa faraghani kwa milioni 12.

Kiwandani Philadelphia jambo lilimalizika haraka zaidi. Baada ya ile siku ya Oktoba dola zilisimamishwa, wakageukia nusu dola ambazo mashine yao iliziweza. Mashine kubwa ilifika mwaka 1795, na kuanzia Mei mwaka huo dola zilitoka tena kwa maelfu, nyota za kushoto zikiwa na ncha zake zote. Dola ya 1795 iliyogongwa vizuri unaweza kuinunua kwa sehemu ndogo mno ya bei ya ile ya 1794 iliyofifia.

Tukarudi Maskati

Nilimwambia jamaa yangu azime taa za sebuleni, abakishe moja. Aitazame reale ya bibi yake mgongoni mwa kile kishikizo kilicholala, upande wa tai mwenye vichwa viwili, anipigie picha kwa karibu.

Picha zikaja. Upande wa tai, mahali palepale, manyoya yalikuwa makali, unayahesabu. Mwanga uliokimbia kwenye uwanda wa sarafu ulifika kwenye kishikizo ukalala. Maandishi ya ukingoni, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yalikuwa yamelainika kwa juu, na hapo juu palikuwa na kovu dogo la lehemu ambalo hakuwahi kulitaja.

"Bibi alikuwa anaivaa?" nikamuuliza.

Akakaa kimya kidogo. "Shingoni, kwenye mkufu. Mpaka anafariki. Alikuwa akisema na watu huku anaisugua na kidole gumba."

Basi imelika, nikamwambia, wala usithubutu kuipeleka kwa sonara akuondolee hilo kovu.